Kasisi Cecil Majaliwa, Aliyeirudia Njia ya Watumwa



Katika kitabu hiki cha jubilei mtasoma habari za Maaskofu na za majengo, na ya nani aliyejenga na ya nani aliyebariki. Mimi nimepewa kuandika habari ya vita vya utumwa katika pwani yetu, toka Kilwa hata Lindi na Mikindani. Watu wakitajiwa habari hii humtaja Dakta Livingstone, au Askofu Steere, au Balozi Kirk. Ni haki yao kutajwa. Lakini yuko mmoja ambaye jina lake halisikiki sana makanisani, naye ndiye ninayetaka mmjue: Kasisi Cecil Majaliwa, Myao, aliyeuzwa utotoni, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika katika Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoleta Injili katika nchi zetu hizi.

Ili tumfahamu yeye, yatupasa kwanza kuifahamu njia aliyopitishwa.

Kilwa ni jina kubwa. Waliosoma wanajua habari za msikiti mkuu wa Kisiwani na Husuni Kubwa, na dhahabu ya Sofala iliyopita pale. Hayo ni ya zamani za mbali. Kilwa ninayoitaja hapa ni Kilwa Kivinje ya karne ya kumi na tisa, mji wa forodha na majahazi, ambao bidhaa yake kubwa ilikuwa watu. Wala lawama ya biashara ile si ya taifa moja. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, aliandikiana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa riale 20, wakafanye kazi katika mashamba ya visiwa vilivyokuwa chini ya Wafaransa, yaani Mauritius na Réunion kama viitwavyo leo. Mtu yule alitoka katika nchi ya Kikristo. Nalitaja hili mapema, asije msomaji akamnyoshea kidole jirani yake Mwislamu kana kwamba sisi tu safi.

Baadaye Seyyid Said akahimiza mikarafuu Unguja na Pemba, na mikarafuu hutaka mikono mingi. Hesabu zilizotolewa katika forodha zinasema ya kuwa katika miaka mitano, toka 1862 hata 1867, walitoka Kilwa watumwa 97,203, na katika hao 76,703 walipelekwa Unguja. Msomaji, zisome tena hesabu hizo polepole. Nao ni wale waliolipiwa ushuru tu. Waliopitishwa kwa siri hawamo, wala hawamo waliokufa njiani. Dakta Livingstone aliposhuka Mikindani mwaka 1866 akafuata mto Ruvuma kwenda juu, aliona mwezi wa Juni maiti ya mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti. Wenyeji wakamweleza ya kuwa alishindwa kwenda na wenziwe, na mwenye mali hakutaka mtu mwingine amwokote apate faida.

Njia yenyewe ilitoka pande za Ziwa Nyasa, ikapita nchi ya Wayao, ikashuka pwani Kilwa au Lindi au Mikindani. Watu waume walitiwa kongwa shingoni, ule mti wenye panda. Wanawake na watoto walifungwa kwa kamba, au walifuata tu, maana mtoto atakimbilia wapi katika pori asilolijua? Na hapa kuna neno lililo gumu zaidi kusema. Mtu wa pwani hakwenda bara kila mara kukamata kwa mkono wake. Aliuziwa. Wakubwa wa Wayao walitaka nguo na baruti na bunduki. Wakapigana na Wanyasa na Wamakua, tena wakapigana wao kwa wao, na mateka akawa fedha. Mtu aliuzwa kwa deni, aliuzwa kwa kesi ya uchawi, aliuzwa mwaka wa njaa kwa kapu la mtama. Mjomba aliweza kumwuza mtoto wa dada yake. Sisi tulio wa kusini tu wajukuu wa waliouzwa, tena tu wajukuu wa waliouza, na mara nyingi mtu mmoja ana babu wa namna zote mbili.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Bargash alitia sahihi mkataba mbele ya Balozi John Kirk, kwamba watumwa wasisafirishwe tena baharini na masoko ya watumwa yafungwe. Soko la Unguja pale Mkunazini likafungwa. Misheni ikapata kiwanja kile, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo. Miaka sita baadaye, siku ya Noeli ya 1879, watu wakaingia kusali mahali palipouzwa watu. Habari hii inajulikana na kila mtoto aliyepelekwa Unguja kutembea.

Lakini huku kwetu mambo hayakwisha kwa sahihi ile. Wenye misafara waliiacha bahari wakashika nchi kavu. Bwana Elton, aliyekuwa naibu wa Balozi, alisafiri kwa miguu katika Mrima kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akahesabu watumwa waliopelekwa upande wa kaskazini: toka tarehe 21 Desemba 1873 hata 20 Januari 1874 walipita 4,096. Mwezi mmoja tu, na mkataba una nusu mwaka! Ndipo mwaka 1876 Seyyid Bargash alipotoa amri nyingine ya kukataza misafara ya nchi kavu pia.

Basi manowari za Waingereza zilikamata majahazi, watu wakafunguliwa. Wakishafunguliwa, waende wapi? Mtoto wa miaka sita au saba hajui kwao. Anajua jina la mto, au jina la mama, na pengine hata hilo limempotea. Na katika desturi za zamani mtu asiye na ukoo hakuwa mtu kamili. Mwungwana hakumwoza binti yake. Katika baraza hakuwa na neno. Huu ndio utumwa usioandikwa katika mikataba, nao ulikaa muda mrefu baada ya minyororo.

Askofu Tozer na Dakta Steere walifika Unguja mwaka 1864, na Seyyid Majid akawapa watoto watano waliotolewa katika jahazi. Hao watano ndio wanafunzi wa kwanza wa Misheni katika Unguja. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza katika Misheni yetu kupewa daraja hiyo. Wavulana walifundishwa Kiungani, wasichana Mbweni. Ukitaka kusikia sauti zao wenyewe, kiko kitabu kilichotolewa na Bwana Madan mwaka 1887, kiitwacho Kiungani, ambamo watoto wale waliandika kila mmoja jinsi alivyokamatwa na alivyouzwa, na mikono mingapi alipita. Mwalimu atakayekipata asikiache.

Askofu Steere hakupenda watu hawa wakae Unguja maisha yao yote kama wageni. Aliona ya kuwa haki yao ni kurudi bara. Mwaka 1876 akaondoka na watu waliofunguliwa, waume kwa wake, wapata hamsini na watano, wakashuka Lindi na kushika njia ya kwenda juu. Nia yake ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, penye miamba ile mikubwa, wakaona maji na ardhi njema, wakakaa. Hivyo ndivyo Masasi ilivyoanza. Njia walioipanda ni ile ile waliyoshukia wengine kama wao wakiwa na kongwa.

Nimefundisha habari hii katika madarasa ya wakatekumeni, nami huona baadhi ya wazee wakitazama chini. Najua sababu. Katika vijiji vyetu liko neno linalosemwa kwa sauti ndogo, hasa watu wakitafutiana wachumba: “Wale asili yao mahuru.” Yaani, babu zao waliuzwa. Neno hilo husemwa hata na Wakristo, na pengine mlangoni pa kanisa ambalo wajenzi wake wa kwanza walikuwa mahuru wenyewe. Kwa hiyo naomba radhi kwa wazee, lakini siwezi kuandika habari ya Kanisa letu na kuyaficha yaliyo msingi wake.

Tena uhuru wa Masasi haukuwa wa raha. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliuvamia mji, wakachoma, wakaua, wakachukua mateka. Fikirini: mtu aliyeuzwa mara ya kwanza akiwa mtoto, akafunguliwa, akaoa, akajenga nyumba, akalima, sasa anafungwa kamba mara ya pili akiwa na mtoto wake mkononi. Baada ya hayo kazi ikatawanyika, na kiti cha Misheni kikahamia Newala kwa Matola, mkubwa wa Wayao. Askofu Steere mwenyewe alikufa Unguja mwaka ule ule, akazikwa nyuma ya altare ya Kanisa alilolijenga.

Sasa nimwendee Majaliwa. Alizaliwa Myao, akakamatwa mtoto, akauzwa, akafikishwa Unguja, akapata uhuru na kulelewa katika Misheni. Jina lake lastahili neno moja. Wenye watumwa walipenda kuwaita watu wao kwa majina ya bahati na ya shukrani, kama Mabruki, Feruzi, Farajala, Majaliwa, nao walishukuru kwa ajili yao wenyewe, kwa mali waliyojaliwa. Kijana huyu alipobatizwa akapewa jina la Cecil, lakini lile la kwanza hakulitupa. Alilichukua mpaka katika daraja ya ukasisi, na kwa jina hilo anaandikwa katika vitabu vya historia. Mimi napenda kudhani ya kuwa alilisoma kwa maana nyingine.

Alisoma Kiungani, akawa mwalimu, akatumika Mbweni. Akamwoa Lucy Magombeani, aliyelelewa Mbweni. Misheni ikampeleka Uingereza, akasoma katika Chuo cha Mtakatifu Agostino huko Canterbury. Mwaka 1886 Askofu Smythies akamfanya shemasi, na akapelekwa Chitangali, kwa Nakaam, mkubwa wa Wayao katika pande za Newala.

Hapa msomaji asimame kidogo. Majaliwa angaliweza kukaa Unguja. Alikuwa na elimu, amekwisha kuvuka bahari, mke wake amezoea maisha ya mji, na watoto wake wangepata shule karibu. Tena Chitangali haikuwa Masasi. Masasi ilikuwa mji wa mahuru wenzake, waliojuana maumivu. Chitangali ulikuwa mji wa waungwana wa Kiyao, wenye ukoo na mkubwa wao, watu wa kabila lile lililosafiri kwenda pwani na pembe na watu. Yaani alitumwa kwa watu wa kwao, na watu wa kwao ndio waliokuwa katika biashara ile. Nani kati yao angalikubali kufundishwa na mtu aliyeuzwa?

Wakakubali. Haikuwa siku moja, maana kazi ya mwalimu haina siku moja, lakini wakakubali. Majaliwa alikaa nao kama mtu wa nyumbani, akafundisha shule, akahubiri, akabatiza. Nakaam mwenyewe akaja kuitwa Barnaba. Tarehe 25 Januari 1890, Sikukuu ya Kuongoka kwa Paulo, Askofu Smythies akampa Majaliwa daraja ya ukasisi katika Kanisa la Kristo pale Mkunazini. Tupime jambo hili kwa mizani ya siku zile. Mahali palipokuwa soko la watumwa, mtu aliyeuzwa anawekewa mikono. Kisha anarudi Chitangali, na waungwana wanapiga magoti mbele yake wapokee Mwili na Damu ya Bwana kwa mkono wake. Katika Unguja utumwa ulikuwa bado ni halali kwa sheria. Sheria haikuondolewa mpaka Aprili 1897. Katika nchi ya Wajerumani ulikuwa halali bado. Huku kwetu amri ya Wajerumani ya mwaka 1904 ilisema tu ya kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru, na utumwa wote haukufutwa mpaka sheria ya Tanganyika ya mwaka 1922, zamani za Waingereza. Kwa hiyo Majaliwa aliposimama altareni Chitangali alizitangulia sheria kwa miaka mingi.

Na siku zenyewe zilikuwa za mashaka. Mwaka 1888 pwani iliwaka moto juu ya Wajerumani. Kilwa Kivinje waliuawa wawili wa kampani yao, na Lindi na Mikindani wakakimbia baharini. Mwaka 1890 Wissmann akaja na jeshi na mizinga akaishika miji hiyo. Katika nchi ya Wamakonde Machemba aliendelea kuwapinga mpaka mwaka 1899. Wapinzani wa Wajerumani walikuwa na haki yao ya kutetea nchi, wala mimi siwashutumu kwa hilo. Lakini baadhi ya wakubwa wao walitetea pia njia ya watumwa, na Wajerumani nao walihubiri habari ya kuondoa utumwa huku wakipiga watu viboko barabarani. Kati ya hao wote alikuwako kasisi mmoja mweusi, asiye na askari wala bunduki, akifundisha kusoma.

Kufika miaka ya 1890 kazi ya Chitangali ilikuwa imestawi kuliko ya vituo vingine vilivyokuwa na makasisi Wazungu. Sababu si siri. Alijua lugha na desturi, hakuhitaji mkalimani, hakuondoka kila mwaka kwa homa. Wanahistoria wa siku hizi wanakubali hivyo. Nami naongeza sababu moja kwa shauri langu mwenyewe: watu walipomwona walielewa bila hotuba ya kuwa Injili haisemi uongo inaposema hakuna mtumwa wala huru, maana mtu wa kushuhudia alikuwa amesimama mbele yao.

Mwaka 1897 alirudi Unguja, na mwisho wake huko haukuwa mwepesi. Sitaki kumpamba. Alikuwa mtu, na miaka kumi na moja mbali na wenzake wa daraja moja ni mizigo mizito kwa mtu yeyote. Lakini liko jambo lisilokuwa lake, nalo nitalisema katika kitabu cha jubilei kwa sababu jubilei katika Maandiko ni mwaka wa kurudisha haki. Askofu Smythies alikufa mwaka 1894. Yeye aliamini ya kuwa Mwafrika aweza kuachiwa kazi nzima mikononi. Baada yake imani hiyo ilipungua. Makasisi Wazungu wakaongezeka, na Mwafrika akawekwa chini yao, hata pale ambapo Mwafrika ndiye aliyelima shamba. Jimbo la Masasi lilitengwa na Unguja mwaka 1926, na Askofu wake wa kwanza alikuwa William Vincent Lucas, mtu mwema aliyezipenda desturi zetu. Lakini toka Majaliwa apate ukasisi hata Hilary Chisonga akalie kiti cha Askofu wa Masasi, mwaka 1968, ilipita miaka sabini na minane. Mtoto aliyebatizwa Chitangali mwaka 1890 angalikuwa mzee wa fimbo.

Waalimu mtaniuliza, Je, kazi yake ilibaki? Ilibaki. Katika Vita Kuu ya kwanza Wajerumani walipowafunga wamisionari Waingereza, makanisa ya kusini hayakufa, kwa kuwa makasisi na waalimu Waafrika walikuwapo. Na katika vijana waliotoka Chitangali mmoja ni Yohana Barnaba Abdallah, aliyekuwa kasisi mwaka 1898, akatumikia Unangu, ng’ambo ya Ruvuma, mpaka alipokufa mwaka 1924. Huyu aliandika kitabu katika Kiyao, Chiikala cha Wayao, yaani maisha ya Wayao wa zamani, kikapigwa chapa Zomba mwaka 1919. Ndani yake anaeleza walikotoka, kazi yao ya chuma, na misafara yao kwenda pwani, pamoja na watu waliopelekwa huko kuuzwa. Ameliandika jambo hilo waziwazi, katika lugha ya mama yake, watu wake mwenyewe walisome.